UZI: Unabadili gari? Panga bima kabla hujapokea ufunguo

Karani wa Madai (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma madai ya ajali za magari. Faili zilizoniuma kuliko zote hazikuwa za walevi wala za wapenda mwendo kasi. Zilikuwa za watu waungwana waliolipa bima yao yote, ila ajali ikawakuta kati ya kuuza gari moja na kuchukua lingine. Mkataba upo, risiti ipo, lakini gari lililogonga halimo kwenye mkataba. Uzi huu nauanzisha kwa ajili yao. Mwenye swali aulize.

Watu wengi wanaamini wamejikatia bima wao wenyewe, hivyo wakibadili gari bima inahama nao. Katika mikataba mingi sivyo. Kampuni imekubali kubeba hatari ya gari moja, lililotajwa kwa namba ya usajili na ya chesisi, la mmiliki aliyetajwa, kwa matumizi yaliyoandikwa. Gari jipya ni hatari nyingine kabisa: injini nyingine, thamani nyingine, vipuri vingine, na pengine wezi wanalipenda zaidi. Mpaka kampuni ilikubali gari hilo, tena kwa maandishi, halina bima hata kama umelilipia taslimu.

Upande wa gari la zamani nako kuna mtego. Ukishaliuza, huna tena maslahi ndani yake. Hata kama hati ya bima inaonyesha miezi kadhaa imebaki, huwezi kudai fidia ya kitu ambacho kikiharibika wewe hupotezi chochote. Mnunuzi naye hawezi kuitumia hati yako kwa kuwa jina si lake. Nimeona wauzaji wakimwambia mnunuzi, "Endesha tu, bima bado ipo." Maneno hayo yamewatesa watu.

Mpangilio ninaousisitiza ni huu: simu kwanza, gari baadaye. Kabla hujatoa hata malipo ya awali, ipigie kampuni au wakala wako, uwape aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, ujazo wa injini, thamani, litalala wapi, nani wataliendesha na kwa kazi gani. Kampuni ina haki ya kulikataa. Inaweza kusema gari ni la zamani mno kwa bima kubwa (ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe), au lina nguvu nyingi kwa dereva wa umri wako, au sharti kwanza lifungwe kifaa cha kulifuatilia. Afadhali uyajue hayo ukiwa na pesa yako mfukoni.

Wakikubali, wape siku na saa utakayolichukua, wakutumie hati mpya au ile ya muda kabla gurudumu halijazunguka. Gari la zamani liache kwenye mkataba hadi utakapolikabidhi kwa karatasi iliyosainiwa, yenye tarehe na saa. Hapo ndipo uwaambie waliondoe. Kama kuna siku ambazo yote mawili yako mikononi mwako, yote mawili yawe na bima siku hizo, hata kama utaongeza pesa kidogo. Siku hizo chache ndizo zenye faili nyingi nilizozitaja.

Nyota ya Asubuhi

Asante sana mkuu kwa uzi. Swali langu: mimi nina bima kubwa, imebaki kama nusu mwaka. Gari ninalotaka kuchukua lina thamani kubwa zaidi. Wataniambia nilipe upya yote?

Karani wa Madai

Hapana dada. Kwa kawaida wanapiga hesabu ya siku zilizobaki tu. Wanachukua ada ya mwaka mzima ya gari jipya, wanatoa ada ya mwaka mzima ya gari la zamani, kisha tofauti hiyo inagawanywa kwa muda uliobaki. Ikiwa imebaki miezi 6 kati ya 12, utalipa nusu ya tofauti. Gari jipya likiwa la ada ndogo zaidi, wewe ndiye unayedai. Kampuni nyingi huongeza gharama ya kuandaa karatasi, kwa hiyo uliza mapema ni kiasi gani.

Usilinganishe ada peke yake. Angalia pia kile kiasi unachobeba mwenyewe kila ajali inapotokea kabla kampuni haijaanza kulipa. Gari likipanda thamani, nacho mara nyingi hupanda, hasa kikiwa kimewekwa kama asilimia. Mtu anafurahi ada haijaongezeka sana, kumbe mzigo wake siku ya ajali umekuwa mara mbili.

Tairi Mpya

Mimi naona mnatisha watu bure. Kutoka kwa muuzaji hadi nyumbani ni safari fupi. Na bima nyingi zina kile kifungu cha kukuruhusu kuendesha magari mengine. Unalipeleka gari nyumbani, kesho yake unashughulikia karatasi. Shida iko wapi?

Karani wa Madai

Kaka, soma hicho kifungu hadi mwisho. Pale kilipo, mara nyingi kinakukinga dhidi ya madai ya watu wengine tu. Gari unaloliendesha likiharibika, hasara ni yako. Na karibu kila mara kimeandikwa kwamba hakihusu gari unalolimiliki. Dakika uliyosaini mkataba wa mauzo, gari hilo limekuwa lako, na kifungu hakipo tena. Kilikusudiwa kwa siku unapoliendesha gari la mtu mwingine kwa dharura.

Na safari hiyo fupi ndiyo ya kuogopa zaidi. Gari hulijui, breki hujazizoea, hujui mwisho wa boneti uko wapi, taa hujui zinawashwa wapi, na pengine mwenye gari ameketi pembeni anakuonyesha vitufe.

Kuhusu "kesho yake": bima ya kuwakinga watu wengine ni ya lazima kisheria katika nchi nyingi sana. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliilazimisha tangu 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya 1930, kwa sababu watu waligongwa na madereva wasio na uwezo wa kuwalipa. Ukimgonga mtu ukiwa huna bima, yeye ndiye anayebaki na mguu uliovunjika bila wa kumlipia. Mimi siwezi kuita hilo jambo la kungoja kesho.

Tairi Mpya

Hapo kwenye "gari unalolimiliki" nimekuelewa mkuu. Nilikuwa sikijui hicho kipengele.

Mama Pacha

Sasa mbona shemeji yangu anayeishi Ujerumani aliuza gari na bima ikaenda na gari? Na kuna mwingine Marekani aliniambia alikaa wiki nzima na gari jipya bila kumwambia mtu wa bima na hakuna tatizo. Nani yuko sahihi?

Karani wa Madai

Wote wako sahihi mama, kila mmoja kwa sheria ya alipo. Ndiyo maana nasema "katika mikataba mingi", sisemi "kote".

Ujerumani, gari likiuzwa, sheria inamwingiza mnunuzi kwenye mkataba wa muuzaji, naye anapewa mwezi 1 wa kuamua kuuvunja. Ufaransa ni kinyume: mkataba unasimama wenyewe saa 6 usiku, siku ya mauzo inapoisha. Muuzaji anaweza kuuvunja au kuuhamishia gari lingine, na miezi 6 ikipita bila kufanya lolote, unakufa. India, sheria ya magari ya 1988 inahesabu kwamba bima ya mtu wa tatu (yaani ya kuwakinga watu wengine) imehama pamoja na gari, na mnunuzi ana siku 14 za kuomba hati iandikwe jina lake. Lakini kinga ya uharibifu wa gari lenyewe haihami kwa njia hiyo, na wanunuzi wengi hapo ndipo wanapokwama.

Marekani, mikataba mingi ya magari binafsi inalipatia gari jipya kinga ya muda. Ukiwa na gari lililokuwa na kinga ya uharibifu, kwa kawaida una siku 14 za kuomba la pili liwekewe. Kama hukuwa nayo kabisa, zinashuka hadi siku 4. Uingereza hakuna zawadi ya namna hiyo, na tangu 2011 hata gari lililoegeshwa tu lazima liwe na bima, isipokuwa kama mwenyewe ametangaza rasmi kwamba limetolewa barabarani.

Kwa hiyo ushauri wa ndugu aliye nchi nyingine usiufuate kwenye jambo hili, hata kama anakupenda. Fungua mkataba wako, utafute sehemu inayozungumzia kubadili gari na sehemu inayozungumzia kuuza. Usipoziona, mwulize wakala, naye akujibu kwa maandishi.

Fundi wa Bodi

Mimi ni fundi na ninaongeza la kwangu. Wakuu, kagueni namba ya chesisi kwenye hati mpya. Ilikuja gari gereji kwangu imegongwa ubavuni, mwenyewe ana bima kubwa, kampuni ikatuma mkaguzi. Mkaguzi akainama kwenye kile kibati kinachoonekana chini ya kioo cha mbele, akasoma namba, akasoma hati, akasoma tena. Herufi moja haikulingana. Gari ilikaa kwangu wiki nyingi, mwenyewe anapanda daladala na bima analipa. Walimaliza, ila kwa barua nyingi.

Karani wa Madai

Fundi, Mungu akubariki kwa hilo, maana kosa hilo ni la kawaida sana na dawa yake ni rahisi.

Gari nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980 zina namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17. Katika mfumo huo herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona O kwenye hati yako, mtu ameandika herufi mahali pa sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yana utaratibu tofauti: namba ni fupi, inaanza na herufi za modeli, kisha kistari, kisha tarakimu. Wapo makarani ambao mfumo wa kompyuta unawalazimisha kujaza nafasi 17, wanaongeza masifuri ya kubuni. Mwambie akuandikie kama ilivyo kwenye kadi ya usajili.

Hati ikija, shika kadi ya gari mkono huu na hati mkono huu, soma kwa sauti mwenzako akifuatilia: usajili, chesisi, injini, mwaka, ujazo, idadi ya viti, rangi kama imo, jina lako lilivyoandikwa kwenye kitambulisho, matumizi, tarehe na saa ya kuanza. Kosa ukilileta siku hiyohiyo, karani atalisahihisha kwa dakika chache. Likigunduliwa na mkaguzi baada ya ajali, litaandamana na maswali.

Kijana wa Usafiri

Salaam mkuu. Gari la zamani nilikuwa naendea kazini tu. Hili jipya nafikiria jioni niwe nabeba abiria kupitia programu ya simu, si kila siku. Wakala kaniambia niandike "matumizi binafsi" tu, eti ni nafuu na hakuna atakayejua. Nifanye hivyo?

Karani wa Madai

Usifanye hivyo mdogo wangu, tafadhali. Ikibidi badilisha wakala.

Kubeba abiria kwa malipo ni biashara, hata ikiwa ni saa 2 kwa wiki. Siku ya ajali, abiria wako ataandika maelezo polisi, na safari itaonekana kwenye kumbukumbu za programu yenyewe. Kampuni itakataa kulipa uharibifu wa gari lako, na ikilazimika kisheria kumlipa mtu wa tatu, inaweza kugeuka kukudai wewe pesa hiyo. Wakala hatakuwepo, na sahihi kwenye fomu ni yako.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1766, kwenye kesi ya Carter dhidi ya Boehm huko Uingereza, Jaji Mansfield alieleza kwamba mambo ya kupimia hatari mara nyingi yanajulikana na anayekata bima peke yake, na kampuni inamwamini anachosema. Kutoka hapo ikakua kanuni ya uaminifu kamili inayotumika hadi leo katika nchi nyingi. Uingereza yenyewe ililegeza kwa sheria ya 2012: mtu wa kawaida anatakiwa kujibu maswali kwa uangalifu wa kutosha, halazimiki tena kubashiri kile ambacho kampuni ingependa kujua. Lakini kudanganya kwenye swali uliloulizwa waziwazi hakujawahi kuruhusiwa popote.

Omba bei ya matumizi mchanganyiko. Ipo kwenye kampuni kadhaa, na tofauti yake haifikii hasara ya siku moja mbaya.

Wengine nao, kumbukeni kwamba gari jipya linafungua maswali yote upya. Mwanao amepata leseni tangu ulipokata bima ya mwanzo? Umehama na sasa gari linalala nje ya geti? Rimu zimebadilishwa, kuna mtungi wa gesi umefungwa, injini imeongezwa nguvu? Yataje yote. Usijaze fomu kwa kunakili ya mwaka jana.

Nyota ya Asubuhi

Na lile punguzo la kukaa muda mrefu bila kudai? Nimelijenga kwa miaka, naogopa lipotee.

Karani wa Madai

Hilo dada, kwa kawaida ni lako wewe, si la gari. Linahama nawe kwenda gari jipya, na hata kwenda kampuni nyingine, mradi uwe na barua ya kampuni ya zamani inayosema umekaa nao tangu lini na hujadai. Omba barua hiyo kabla hujafunga mkataba, maana ukishaondoka hamu yao ya kukuhudumia inapungua.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Punguzo hulifanyia kazi gari moja kwa wakati mmoja. Ukibaki na magari yote mawili, la pili linaweza kuanzia chini kabisa. Na linachakaa likikaa bure: India, bima ikiisha na siku 90 zikapita bila kuihuisha, punguzo limekwenda, na huko linaweza kufika asilimia 50 ya ada ya uharibifu wa gari. Uingereza kampuni nyingi hulitambua hadi miaka 2. Kama unauza sasa na gari lingine litakuja baadaye, ulizia muda wa kwako kabla hujatulia.

Mzee wa Hesabu

Kwa maoni yangu si lazima kuhamisha. Unaweza kuvunja ule mkataba wa zamani, urudishiwe salio, uende kampuni nyingine yenye bei nzuri. Ushindani upo, tuutumie.

Karani wa Madai

Shikamoo mzee wangu. Ni njia halali, na mara nyingine ni bora, hasa kampuni yako ikilitoza gari jipya bei isiyoeleweka. Ila hesabu ya marejesho ipigwe kabla ya kuvunja.

Kuna kurudishiwa kwa uwiano wa siku, na kuna kurudishiwa kwa jedwali la muda mfupi. Kwa uwiano, ukitumia miezi 6 kati ya 12 unarudishiwa nusu. Kwa jedwali, kampuni inabaki na sehemu kubwa zaidi kwa kuwa ni wewe uliyevunja. Jedwali la zamani la viwango vya bima ya magari la India lilikuwa hivi: ukikaa mwezi 1 wanabaki na asilimia 20, miezi 3 asilimia 40, miezi 6 asilimia 70, ukipita miezi 8 hurudishiwi kitu. Majedwali yanatofautiana, lakini sura yake ni hiyohiyo. Kwa hiyo muda mwingi ukiwa umebaki, kuhamisha mara nyingi kunakulinda zaidi. Ukiwa umebaki mwezi mmoja au miwili, marejesho hayana uzito, chagua bei ya mwaka ujao.

Na kama umeshadai mwaka huu, wengi hawarudishi chochote.

Mama Pacha

Mimi nalipa kwa awamu kila mwezi benki. Nikisimamisha tu yale makato si inatosha?

Karani wa Madai

Hapana mama yangu, hiyo ni hatari. Kusimamisha makato hakuvunji mkataba. Kampuni itaandika kwamba ulishindwa kulipa, nayo itaufuta mkataba kwa kosa lako. Kuanzia hapo kila fomu itakayokuuliza "umewahi kufutiwa bima?" utalazimika kuijibu ndiyo, na bei zitapanda. Andika barua au ujumbe wa kuvunja, pata jibu, ndipo usimamishe makato.

Mkulima wa Kisasa

Mkuu, la kwangu ni tofauti. Gari langu la zamani halijauzwa. Liligongwa, kampuni imesema haliwezi kutengenezwa na wamenilipa thamani yake. Bado lilikuwa na miezi mingi kwenye bima. Nataka kuitumia miezi hiyo kwa gari nitakalonunua.

Karani wa Madai

Pole sana kwa ajali, na nashukuru Mungu u mzima.

Hili linawauma watu kwa sababu hawaambiwi mwanzoni. Kampuni ikishalipa hasara kamili, kwa mikataba mingi kazi ya mkataba huo imekwisha. Ada ya mwaka imelipia ahadi waliyoitimiza, na miezi iliyobaki hairudi wala haihami. Kama ulikuwa unalipa kwa awamu, zilizobaki hukatwa kwenye fidia. Zipo kampuni zinazokubali kuliweka gari lingine kwenye mkataba huohuo kama huduma kwa mteja, kwa hiyo uliza, lakini usiweke bajeti juu yake.

Utakapokata bima ya gari lijalo, itaje ajali hiyo, hata kama kosa lilikuwa la mwingine. Na thamani iandikishe ya kweli. Mikataba mingine ina kifungu cha kugawana hasara: gari la milioni 10 ukiliandikisha milioni 6 ili ada ishuke, ukapata uharibifu wa milioni 2, hawakulipi 2. Wanasema umejikatia bima kwa asilimia 60, wanakulipa milioni 1.2. Ukizidisha thamani nako hupati faida, kwa sababu hawalipi zaidi ya bei halisi ya gari siku ya ajali. Tumia mthamini, au bei za magari ya aina hiyo yanayouzwa sasa, si bei uliyolinunulia miaka iliyopita.

Kijana wa Usafiri

Nimewasiliana na kampuni nyingine, wamenipa bei ya matumizi mchanganyiko. Ni juu kidogo lakini naiweza. Swali la mwisho: gari nachukua kwa mkopo. Benki inaingiaje hapo?

Karani wa Madai

Vizuri sana, umenifurahisha.

Benki itataka jina lake liandikwe kwenye mkataba kama mwenye maslahi. Maana yake, gari likiharibika kabisa, fidia inapita kwao kwanza hadi deni liishe, kinachobaki ndicho chako. Mara nyingi watadai bima kubwa kwa muda wote wa mkopo, wala hutaweza kushuka kwenda bima ndogo (ya mtu wa tatu tu) bila ruhusa yao. Waambie kampuni ya bima mapema, kwa sababu benki nyingi haziachii pesa hadi zione hati yenye jina lao. Gari la zamani kama nalo lilikuwa na mkopo, hakikisha jina la mkopeshaji wa kwanza linafutwa baada ya kumaliza deni, na upate barua yake.

Jambo la kupima kwa makini ni pengo la deni. Gari jipya linashuka thamani haraka mwaka wa kwanza, na deni linashuka polepole. Likiibiwa miezi michache baadaye, kampuni inalipa thamani ya siku hiyo, na deni linaweza kuwa kubwa kuliko fidia. Kuna bima ya nyongeza inayofidia pengo hilo. Ukiweka malipo ya awali makubwa huenda huihitaji. Ukichukua mkopo wa karibu bei yote, ningekushauri uiangalie.

Fundi wa Bodi

Na wanaouza wasisahau kutoa stika ya bima kwenye kioo, kama ipo, kabla ya kukabidhi. Nimeona magari yanatembea na stika za wamiliki wa zamani, trafiki wanaandikiana na watu wasiohusika.

Karani wa Madai

Sahihi kabisa fundi. Toa stika, hati irudishe kwa kampuni kama wanaitaka, na mabadiliko ya umiliki yapeleke mamlaka ya usajili wewe mwenyewe, usimwachie mnunuzi. Piga picha mita ya kilomita siku ya makabidhiano, nakala ya karatasi ya mauzo itume kwa wakala wako, naye akujibu kwamba gari limeondolewa kuanzia saa fulani. Kijana wa Usafiri, hati ikishatoka ficha namba zako, uiweke hapa tuikague pamoja kabla hujaenda kulichukua gari.